Kinyama cha jichoni kimerudi baada ya miezi saba. Nini kinaamua kansa hii irudi au isirudi?

dereva_sakina

Habari zenu wakuu. Naomba nieleze kirefu kidogo, maana nimechoka kuuliza nusunusu na kujibiwa nusunusu.

Mimi ni dereva wa utalii hapa Arusha, nina miaka 43, naishi Sakina. Huu ni mwaka wa 16 niko barabarani: Manyara, Ngorongoro, Serengeti, Ndutu. Mgeni anasimama nyuma kwenye paa lililofunguliwa, kofia kichwani, miwani usoni, amejipaka mafuta ya jua. Mimi nimekaa mbele kwenye kioo, jua linanipiga kutwa, na miwani nilikuwa naivua ili nimwone chui kwenye mti. Ndutu wakati wa kiangazi pembezoni mwa ziwa kunakuwa na magadi meupe, ukipita saa saba mchana mwanga unatoka chini na juu kwa pamoja.

Mwaka juzi mwezi wa nane mke wangu aliniambia nina tongotongo jicho la kulia. Nikafuta, halikutoka. Kilikuwa kidoa kama tone la maziwa yaliyoganda, ukubwa wa punje ya mtama, upande wa pua, pale pale weupe wa jicho unapokutana na weusi. Nilihisi kama mchanga. Nikanunua matone duka la dawa, nikaendelea na safari. Msimu ulikuwa umechanganya, nisingeweza kuacha gari.

Kufikia Desemba kilikuwa kimeinuka na vimishipa vyekundu vinakikimbilia kama mizizi. Nikaenda hospitali moja, sitaitaja. Wakasema ni kinyama cha jua tu, madereva na wakulima wengi wanacho. Wakanichoma ganzi, wakakikata, dakika ishirini nimetoka. Nilimuuliza aliyekuwa anafunga vifaa, hicho mlichotoa kinakwenda wapi? Akasema kinatupwa. Sikujua kama nimeuliza swali kubwa.

Baada ya miezi saba kikarudi. Safari hii kipana zaidi na kimeanza kupanda juu ya weusi. Nikapewa rufaa kwenda Moshi, hospitali ya rufaa ya KCMC. Huko nimekatwa mara ya pili, na kinyama nilikiona kwa macho yangu kikiingizwa kwenye kikopo chenye dawa, jina langu limeandikwa kwa kalamu ya wino mzito. Wiki tatu baadaye majibu yakatoka. Karatasi ni ya Kiingereza, binamu yangu amenitafsiria: kansa ya aina ya skwamasi (ya seli bapa za juu) ya utando wa jicho, imeanza kupenya chini ya utando, na kingo ya upande wa juu haiko safi.

Narudi kliniki wiki ijayo. Naomba mnisaidie kabla sijaenda. Kingo kutokuwa safi maana yake nini hasa? Je, itarudi tena? Watu wanapona kansa hii, au ndiyo naanza kuhesabu siku? Nimepima VVU kwa sababu waliniambia vinahusiana, majibu ni hasi. Nina watoto watatu, wa mwisho yuko darasa la pili. Nataka kujua ukweli.

---

mkulima_wa_ngaramtoni

Pole sana kaka. Usikate tamaa. Kuna mzee huku kwetu anatengeneza maji ya mmea fulani, unadondoshea jichoni asubuhi na jioni, shemeji yangu kinyama chake kiliisha kabisa na hakwenda hospitali. Nikuelekeze?

---

muuguzi_mstaafu_macho

Ndugu yangu wa Ngaramtoni, najua umesema kwa nia njema, ila naomba hilo tuliweke chini kabla sijamjibu huyu kijana. Nimeshika vifaa kwenye thieta ya macho miaka 28. Nimepokea watu waliodondoshewa utomvu, asali, maziwa, mkojo, wakafika weusi wote wa jicho umegeuka mweupe kama ganda la yai, na kinyama bado kipo chini yake. Kilichoisha kwa shemeji yako huenda kilikuwa kinyama cha kawaida kilichokuwa kimevimba tu kikatulia. Huyu ana karatasi ya maabara mkononi. Kwake hakuna nafasi ya kubahatisha.

Sasa mwanangu wa Sakina. Pole kwa safari hiyo, na umefanya vizuri kuandika kila kitu kwa mpangilio. Daktari wako ndiye ameliona jicho, mimi nakueleza ninachokijua ili ukienda ujue cha kuuliza.

Neno la kushika ni hilo hilo, kingo. Chukua kiazi chenye doa la kuoza. Ukikata kufuata doa lenyewe, kiazi kinaonekana kizuri, lakini ukiangalia pale kisu kilipopita bado pana wekundu. Ukikata kwa kuacha nafasi, ulipokata panakuwa peupe pote. Mtaalamu wa maabara anaangalia kwa hadubini pale kisu kilipopita. Akikuta seli za kansa zimefika mpaka mwisho wa kipande, anajua nyingine zimebaki jichoni kwako. Ndiyo maana ya kingo kutokuwa safi. Tafiti zimetofautiana, lakini zote zinaelekea upande mmoja: kingo zikiwa safi, uvimbe umerudi kwa watu kati ya 5 na 33 katika kila 100. Kingo zikiwa na seli, idadi imefika mpaka 56 katika 100. Kwa hiyo kati ya vitu vyote vinavyotabiri kurudi, hiki ndicho kizito, na uzuri wake ni kwamba kinashughulikiwa. Si hukumu.

Ndiyo sababu daktari anayeshuku kansa hakati kama anavyokata kinyama cha jua. Anaacha milimita 3 hadi 4 za utando unaoonekana mzima kuzunguka uvimbe. Hashiki uvimbe wenyewe kwa koleo, kwa sababu seli zinaweza kumwagika na kuota pengine. Penye kifaa cha barafu, zile kingo zinazobaki jichoni zinagandishwa, zinaachwa ziyeyuke, zinagandishwa tena. Nilikuwa nashika kile kifaa mimi. Utando unageuka mweupe kama barafu ya friji kwa sekunde chache, halafu rangi inarudi taratibu. Vifaa vilivyogusa uvimbe havitumiki tena kufunga kidonda, unachukua vingine. Ni mambo madogo lakini yana uzito.

La pili linaniuma, nalo ni kile kinyama kilichotupwa. Nitasema wazi. Kinyama cha jua na kansa hii, hasa ikiwa changa, hata daktari bingwa mwenye taa nzuri hawezi kuvitofautisha kwa macho tu kila mara. Kuna dalili za kutia shaka: weupe kama tongotongo lisilofutika, mishipa minene inayokilisha kama ulivyoeleza, na kwetu sisi wenye ngozi nyeusi mara nyingi kinakuwa na rangi ya kahawia. Lakini jibu linatoka maabara. Kipande kikitupwa, hakuna anayejua kilikuwa nini, hakuna anayejua kingo zilikuwaje, na mgonjwa haambiwi arudi kuangaliwa. Kurudi kwa miezi saba si ajabu. Nyingi kati ya zinazorudi zinajitokeza ndani ya miaka miwili ya mwanzo, na nyingine ndani ya miezi michache tu.

Mengine yanayoangaliwa: ukubwa, na milimita 5 ndio mstari ambao madaktari wanautumia kugawa hatua za mwanzo. Kama imepanda juu ya weusi au imeingia kwenye mfuko wa chini ya kope, ambako ni vigumu kuiona mwisho wake. Kama ni ya kwanza au tayari imesharudi, kwa sababu iliyorudi mara moja ina tabia ya kurudi tena. Na kama bado iko kwenye ngozi ya juu ya utando au imeshapenya chini, kama yako ilivyoandikwa.

Kuhusu maisha, hapa nakupa moyo bila kukudanganya. Kansa hii ya skwamasi ya utando wa jicho ni mara chache inasafiri kwenda mwilini. Wengi wakitibiwa mapema wanaishi, na wengi wanabaki na jicho lao. Hatari iko pale inapoachwa mpaka inatoboa lile ganda jeupe na kuingia ndani ya jicho, au inazama kwenye tundu la jicho nyuma. Hapo tunalazimika kuondoa jicho, na ikishazama nyuma, kuondoa na nyama zote za tundu. Ikisafiri, inaanzia kwenye tezi za mbele ya sikio na chini ya taya. Pale kliniki daktari akikubonyeza mbele ya sikio usishangae, anatafuta hizo. Mwombe akubonyeze kama akisahau.

Sasa swali la kumuuliza wiki ijayo: je, nitapata matone ya fluorourasili? Watu wanaiita 5-FU. Ni dawa ya kansa ya siku nyingi, inatumika kwa kansa nyingine kwa dripu, lakini inatengenezwa pia kuwa matone ya jicho. Wenzetu Kenya walifanya utafiti katika vituo vinne vya macho, majibu yakachapishwa 2016. Watu 98 walikatwa, kidonda kikapona, halafu nusu wakapewa matone ya 5-FU ya asilimia 1, mara nne kwa siku kwa wiki nne. Nusu wakapewa matone ya kulainisha macho tu, bila wenyewe kujua wamepata yapi. Baada ya mwaka, kwa wale walioonekana tena, waliopata 5-FU imerudi kwa 5 kati ya 47. Waliopata matone ya kulainisha imerudi kwa 17 kati ya 47. Wengine wanatumia mitomaisini au intaferoni kwa lengo hilo hilo, lakini kwa mazingira yetu 5-FU ndiyo ninayoiulizia kwanza.

Uliza pia kama ni bora kukata tena ile kingo ya juu. Hilo analiamua yeye aliyeona.

---

mama_wa_kiboriloni

Kaka, nimesoma maneno yako nikajikuta nimeshika jicho langu. Mimi nimepita huko huko.

Niko Moshi, nauza mboga Kiboriloni. Yangu ilianza 2018 jicho la kushoto, nikiwa na miaka 34. Nilikuwa sijawahi kupima VVU. Daktari alipokiona tu kinyama, kabla hata ya kukigusa, alikaa chini akaniuliza taratibu kama niko tayari kupima. Nilikasirika. Nilimwambia nimekuja na jicho, mbona unaniuliza mambo ya ndani? Nikapima, nikakutwa ninavyo, CD4, yaani chembe za kinga, ziko chini sana. Kwa hiyo kile kinyama ndicho kilichonipeleka CTC, kliniki ya dawa za VVU. Leo nasema asante kwa jicho langu, maana lingenyamaza ningekuwa nimeshazikwa.

Nilikatwa, ikarudi baada ya miezi mitano. Wakanikata tena, na wakati huo nilikuwa nimeshaanza dawa za kufubaza. Mara ya pili nikapewa matone. Nikueleze yalivyo kwa sababu hakuna aliyenieleza: yanawasha. Siku ya tatu kope lote limekuwa jekundu, ngozi ya chini ya jicho inabanduka kama umeungua na mvuke wa sufuria, machozi hayakauki. Nilitaka kuacha. Nesi akanifundisha kufumba jicho na kubonyeza kwa kidole pembeni ya pua kwa dakika mbili baada ya kudondosha, halafu kufuta kilichomwagikia kwenye ngozi na kujipaka mafuta ya mgando chini ya kope kabla ya tone linalofuata. Ikawa nafuu. Wiki ya nne nilimaliza. Imekuwa miaka mingi sasa, naenda kuangaliwa kila mwaka, haijarudi.

Mimi sina elimu ya udaktari, ila najua kliniki niliyokuwa naenda tulikuwa wanawake wengi wa umri wangu. Muuguzi, ni kweli VVU ndiyo inaifanya iwe kali hivyo?

---

muuguzi_mstaafu_macho

Asante sana dada yangu kwa kusema hadharani, wengi wanajificha. Ndiyo, inahusiana sana. Watu wenye VVU hatari yao ya kupata kansa hii imeonekana kuwa mara kadhaa ya wengine, na kinga ikiwa chini inakua haraka. Kampala waliandika jambo ambalo sisi tuliokuwa kazini miaka ile tuliliona pia: mwaka 1988 walihesabu wagonjwa 6 kwa kila watu milioni, mwaka 1992 wakawa 35. Miaka minne tu. Kabla ya hapo ilikuwa ugonjwa wa wazee waliokaa juani, baada ya hapo tukaanza kuona vijana. Kuna virusi vya papiloma pia vinavyotajwa, ingawa ushahidi wake si mzito kama wa VVU na wa jua. Kwa hiyo kumeza dawa zako na kuhakikisha wingi wa virusi umefubazwa ni sehemu ya tiba ya jicho.

Kwa huyu kijana wa Sakina majibu yake ni hasi, basi jua ndilo la kulitazama. Na hili si la kukisia. Mwaka 1996 watafiti walilinganisha nchi nyingi wakakuta kila unapoondoka ikweta nyuzi 10, kansa hii inapungua kwa karibu nusu, asilimia 49. Uganda pale kwenye mstari wenyewe ilizidi mtu 1.2 kwa kila watu laki moja kwa mwaka, Uingereza haikufika 0.02. Ndiyo maana vitabu vya huko vinaiita adimu, na hapa kwetu kila muuguzi wa macho anaijua. Arusha iko nyuzi tatu na kidogo kusini ya ikweta, tena juu, karibu mita 1,400. Ukipanda kila mita 1,000 miale ya jua inayounguza inaongezeka kwa karibu asilimia 10. Kule ukingoni Ngorongoro umeshapita mita 2,000. Kuna baridi, unavaa koti, unadhani jua halipo.

---

dereva_sakina

Shikamoo mama. Nashukuru mno, nimesoma mara tatu, na mara ya tatu nilimsomea mke wangu kwa sauti. Dada wa Kiboriloni, Mungu akubariki, hiyo ya mafuta ya mgando nimeiandika kwenye daftari.

Maswali mawili. Moja, kazi. Bosi ananiuliza kama nitarudi msimu wa Juni. Je, nikirudi juani nitaiamsha? Pili, kliniki ya macho hapa Arusha inaweza kuniangalia au lazima Moshi kila mara? Nauli si tatizo, tatizo ni siku nzima.

---

muuguzi_mstaafu_macho

Marahaba mwanangu.

Kazi: sitakwambia uache mkate wa watoto. Nitakwambia miwani isitoke usoni, na isiwe yoyote. Iwe iliyoandikwa inazuia miale ya jua kwa asilimia 100, na iwe inayozunguka mpaka pembeni, kwa sababu mwanga unaoingia kutokea upande wa sikio unavuka jicho na kugonga upande wa pua, pale pale uvimbe wako ulipoota. Miwani nyeusi ya bei rahisi isiyozuia miale inaweza kuwa mbaya kuliko kutovaa, kwa sababu giza lake linaipanua mboni. Kofia ya ukingo mpana, ya duara, si kapelo. Chui mwombe mgeni wako akutafutie. Nasema hivyo kwa uzito kabisa, wao wana darubini.

Kuangaliwa: mtu mmoja mwenye taa maalumu ya macho akikuona kwa ukawaida ni bora kuliko bingwa unayemfikia mara moja kwa miaka miwili. Daktari wa Moshi akikubali, ziara nyingine unaweza kufanya Arusha kwa barua yake. Lakini mwaka wa kwanza usipite miezi mitatu bila jicho kuangaliwa, na ukiona weupe, wekundu wa sehemu moja usioisha kwa wiki mbili, au hali ya mchanga, usingoje tarehe. Nimeona wagonjwa wengi waliokatwa vizuri sana wakarudi baada ya miaka mitatu jicho limejaa, kwa sababu jicho lilikuwa haliumi wakaona wamepona. Piga picha ya jicho lako kwa simu kila tarehe moja ya mwezi, mwanga ule ule wa dirishani, umetazama kushoto halafu kulia. Ukienda kliniki umwonyeshe daktari zote kwa mfululizo.

Na usiipoteze hiyo karatasi ya maabara. Toa nakala tatu.

---

dereva_sakina

Nimerudi kuwapa majibu kama nilivyoahidi kwa wengine walioniandikia pembeni.

Jana nilikuwa Moshi. Niliondoka na Coaster ya saa kumi na moja alfajiri, saa mbili nimeshakaa kwenye benchi. Daktari alinibonyeza mbele ya sikio na chini ya taya kabla sijamwomba, hakuna tezi. Ameangalia kingo ya juu kwa ile taa, akaweka dawa ya bluu jichoni kuona kama kuna panaposhika rangi. Panashika, mstari mwembamba sana kama uzi. Nilimuuliza kuhusu 5-FU, akaniangalia, akauliza nimesikia wapi. Nikamwambia nina mama yangu mmoja muuguzi. Amesema tutafanya yote mawili: Jumanne ijayo anaikata ile kingo na kuigandisha, kisha kidonda kikipona ndipo matone, wiki nne.

Bosi nimeshaongea naye. Juni nitakaa ofisini kupanga safari, Agosti nirudi barabarani kama jicho litaruhusu. Miwani nimenunua, ile ya kuzunguka. Binti yangu wa darasa la pili ameomba yeye ndiye awe ananikumbusha matone, ameshachora jedwali kwenye karatasi ya daftari, masanduku manne kwa kila siku, siku ishirini na nane. Limebandikwa ukutani juu ya birika, bado halina alama hata moja.